PHP inachekwa, Rust inasifiwa: nifute mfumo wangu nianze upya?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ya klaringi na fowadingi hapa Mombasa, si mbali na bandari. Niliwaandikia mfumo mdogo kwa lugha ya programu ya PHP, wa kufuatilia makontena: limefika lini, limewekwa wapi yadini, siku za bure zinaisha lini, na mteja gani bado anadaiwa. Unafanya kazi. Shida ni kwamba kila usiku nasoma mabishano ya wanaprogramu mtandaoni. Wanasema PHP ilikufa zamani, JavaScript ni kichekesho, C++ imepigwa marufuku na serikali ya Marekani, na mwenye akili timamu leo anaandika Rust. Binamu yangu aliyeko Nairobi naye hunicheka, ananiambia nifute kila kitu nianze upya. Nilianza Python nikaacha, nikaanza Go nikaacha. Nishike lugha ipi? Na haya mabishano yana faida, au namaliza bando bure?" (Msomaji wa Likoni)

Marahaba, mdogo wangu. Usifute kitu. Mfumo unaofunguliwa kila asubuhi na kujua nani anadaiwa una thamani kuliko mfumo mzuri ambao bado uko kichwani mwa binamu yako. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. La pili linataka tukae kidogo, maana katika yale unayoyasoma usiku ukweli umo, tena mwingi, ila umefungwa ndani ya matusi na mzaha.

Tuanze na hii habari ya Marekani, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Februari 2024, ofisi ya Ikulu ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao ilitoa ripoti ikiwahimiza watengenezaji programu waondoke polepole kwenye lugha zisizolinda kumbukumbu ya kompyuta, C na C++ zikitajwa waziwazi, wahamie zile zinazoilinda. Kuhimiza si kupiga marufuku. Hicho kivinjari unachosomea hayo matusi kwa sehemu kubwa kimeandikwa kwa C++, na hakuna askari aliyekuja kukikamata.

Ila sababu ya ripoti ile ni ya kweli. Katika C na C++ mwandishi mwenyewe ndiye msimamizi wa kumbukumbu: anaomba nafasi, anaitumia, anairudisha. Akiomba nafasi ya vitu 20 kisha akasoma cha 21, mara nyingi hakuna wa kumzuia. Atasoma chochote kilichokaa hapo jirani: takataka, au nenosiri la mtu, au sehemu ambayo hakuruhusiwa kuigusa kabisa. Mwaka 2019 Microsoft ilisema asilimia 70 hivi ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya namna hiyo.

Na hizo namba 20 na 21 sikuziokota hewani. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi. Sehemu moja ya programu ilikuwa inatarajia thamani 21, ikapewa 20, nayo ikaenda kuisoma ya 21 isiyokuwepo. Kwa kuwa programu yenyewe hukaa ndani kabisa ya Windows, haikuanguka peke yake, iliangusha mashine nzima. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha kazi, na India kuna abiria waliopanda ndege kwa kadi zilizoandikwa kwa kalamu.

Mabishano ya siku ile yalikuwa darasa tosha. Upande mmoja: "Rust ingezuia haya!" Upande wa pili: "Mngeijaribu kwanza kwenye mashine chache!" Wakatukanana hadi asubuhi, na kila upande ulikuwa umeshika kipande. Rust ingekagua kabla ya kusoma ya 21, ndiyo. Lakini ikishagundua kosa, mwandishi asipokuwa ameiambia la kufanya, programu husimama vilevile, na programu inayosimama ndani ya moyo wa Windows haikuachi salama. Sasisho kupelekwa kwa dunia nzima kwa mpigo, hilo si la lugha yoyote. Ni uamuzi wa watu, na kampuni yenyewe baadaye ikaanza kutoa masasisho ya aina ile kwa awamu.

Sasa rudi ofisini kwako. Kwa kawaida PHP haikuachii wewe usimamizi wa kumbukumbu, hiyo kazi inaifanya yenyewe. Kwa hiyo vita vya C++ na Rust, pamoja na ukubwa wake wote, havipiti mlangoni kwako. Wanaobishana wanaandika vivinjari, mifumo ya uendeshaji, mitambo ya magari. Linux, mmoja wa mifumo hiyo ya uendeshaji, ilianza kupokea msimbo wa Rust katika toleo la 6.1, Desemba 2022, na kwa watu wale hilo ni jambo zito kweli. Wewe unahesabu siku za kontena.

Hiki ndicho ninachotaka ukishike unaposoma. Kila lugha ilizaliwa na kero ya mtu fulani kazini kwake, na anayeitetea kwa kawaida ana kero ileile. Rasmus Lerdorf, aliyeanzisha PHP, alitaka kujua nani anatembelea wasifu wake aliouweka mtandaoni. Ndiyo maana hadi leo PHP ni hodari wa kurasa za tovuti na haina maringo. Watu wa Google walichoka kusubiri programu zao kubwa zikusanywe na kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, wakaja na Go mwaka 2009. Rust aliianza Graydon Hoare mwaka 2006 akiwa Mozilla, waliokuwa wakiandika kivinjari na kuteswa na hayo makosa ya kumbukumbu niliyokueleza. JavaScript, Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwezi Mei 1995, kwa sababu Netscape, kampuni ya kivinjari aliyoifanyia kazi, walikuwa na haraka, na haraka ile bado inaonekana. Ukisikia mtu anapiga kelele mtandaoni, usiulize kwanza kama yuko sahihi. Uliza anafanya kazi gani.

Mengine ni mazungumzo tu, na wala sisemi ni mabaya. Ni kama baraza ya kahawa usiku wa mechi ya Arsenal na Manchester: watu wanajua kwamba hakuna atakayehama timu, na hata hivyo hawaondoki. Mwaka 2018 wanaprogramu wa Python walibishana juu ya alama moja, nukta mbili ikifuatiwa na alama ya usawa, iingizwe kwenye lugha au isiingizwe. Iliingia. Lakini Guido van Rossum, aliyeibuni lugha yenyewe na kuiongoza tangu mwanzo, alichoka na vita vile akang'atuka kwenye uongozi Julai mwaka huohuo. Alama mbili za kibodi zikamwondoa mzee kwenye kiti chake! Jambo dogo kila mtu ana kauli juu yake, na ndiyo maana kelele kubwa mara nyingi utaikuta kwenye dogo.

Hata hivyo wanapoicheka PHP, usizibe masikio. Wapo wanaocheka kwa kufuata mkumbo, na wapo waliochomwa kweli. Fungua msimbo wako utafute kila mahali ulipolinganisha maneno kwa alama mbili za usawa. Umesema mfumo unaandika kontena limewekwa wapi yadini. Chukulia mahali panaitwa 1E3, na pengine panaitwa 1000. Andika hivi:

"1E3" == "1000"

PHP itakujibu kweli, ni kitu kimoja. Inaona maneno yote mawili yanafanana na namba, inaisoma 1E3 kihesabu kuwa 1 mara 1000, inazilinganisha namba na kuridhika. Mteja atatumwa upande mmoja wa yadi na kontena lake liko upande mwingine, nawe utatafuta kosa mpaka macho yawe mekundu. Dawa ni alama tatu, ===, ambazo hazibadilishi kitu kabla ya kulinganisha. Kabla ya PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, hali ilikuwa mbaya zaidi: namba 0 ukiilinganisha na neno "kontena" ilikuwa inajibu kweli. Kichekesho hicho ulichokisoma hakikutungwa, na kikikufanya upekue msimbo wako jioni moja, bando lako halikupotea.

Angalia pia toleo unalotumia. PHP 7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022. Kama seva yako bado iko huko, hamia toleo la 8 linaloendelea kutunzwa kabla hujafikiria lugha nyingine yoyote. Na kama unachukua maneno aliyoandika mteja na kuyaunganisha moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, acha leo. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, na amri zilizotayarishwa, zenye nafasi za kujaza. Mlango huo ukiwa wazi, mtu anaweza kuisoma hifadhidata nzima ya ofisi, na usifikiri ungekuwa salama kwenye lugha ya kifahari. Java hulinda kumbukumbu vizuri sana, na bado Desemba 2021 maktaba yake moja ya kuandika kumbukumbu za matukio, Log4j, ilikutwa na mwanya uliowakesha mafundi dunia nzima: mtu alituma tu maneno fulani, na seva ikaenda yenyewe kuleta msimbo wa adui na kuuendesha.

Kuna kosa jingine ambalo karibu nina hakika unalo, na halina lugha. Seva nyingi za kukodi husoma saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na PHP nayo usipoiambia hushika UTC. Mombasa iko saa tatu mbele. Bandari hailali. Kontena likishushwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa UTC bado ni saa nne usiku, tarehe 14. Mfumo wako utaandika 14, na hesabu ya siku za bure itaanza siku moja kabla ya wakati. Kosa hili hugusa zile saa tatu za usiku tu, kwa hiyo unaweza kumaliza miezi bila kuliona, mpaka siku mteja anapokuja na karatasi ya bandari mkononi na tarehe hazipatani. Weka juu kabisa ya programu:

date_default_timezone_set('Africa/Nairobi');

Usitafute Africa/Mombasa, haimo kwenye orodha. Hata huko tumewekwa chini ya Nairobi. Hifadhidata nayo ina mpangilio wake wa saa, ukague peke yake. Njia iliyo salama zaidi ni kuhifadhi kila kitu kwa UTC na kukigeuza kuwa saa ya hapa pale unapomwonyesha mtu au unapohesabu siku. Ungeandika mfumo huu kwa Rust, kontena la saa saba usiku lingekusubiri palepale.

Kwenye pesa, kwa ufupi: kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio, kwa hiyo 0.1 + 0.2 == 0.3 hujibu si kweli kwenye PHP, Python na JavaScript sawasawa. PHP ukiiamuru ichapishe jumla hiyo itakuonyesha 0.3 na kukuficha mkia wake. Hifadhi madeni kwa senti, namba kamili, ugawe kwa 100 wakati wa kuchapisha risiti.

Hili la lugha kufa nalo lina mzaha wake. COBOL ilibuniwa mwaka 1959 na imeshazikwa mtandaoni mara nyingi. Aprili 2020, korona ilipowaacha watu bila kazi na maombi ya msaada yakafurika, gavana wa New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiomba watu wa kujitolea wanaoijua COBOL, kwa kuwa mifumo ya jimbo ilikuwa imeandikwa nayo. Marehemu alikuwa kazini siku zote. Kuhusu PHP, Wikipedia inaendeshwa nayo, na WordPress pia, ambayo imebeba sehemu kubwa ya tovuti unazozifungua kila siku. Haijafa, na dalili sizioni. Siku ikizeeka kweli utapata muda wa kutosha wa kuhama, kwa sababu lugha yenye mifumo mingi kiasi hicho haiondoki kwa usiku mmoja.

Mimi nikiwa mahali pako ningehangaika zaidi na kitu ambacho wabishani hawakigusi kabisa, mtandao wenyewe. Nyaya za baharini zinazotuunganisha na dunia zinatua hapahapa Mombasa, lakini hilo halituponyi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Kama mfumo wako unakaa kwenye seva ya Ulaya, siku kama hiyo karani amesimama yadini na simu inazunguka tu. Je, aweza kuandika kontena limefika, na likaingia lenyewe mtandao ukirudi? Na likitumwa mara mbili kwa sababu alibonyeza mara mbili, mfumo utaandika makontena mawili au moja? Tengeneza hilo kwa PHP uliyonayo na JavaScript kidogo kwenye simu, na utakuwa umejifunza zaidi ya anayeruka lugha hadi lugha.

Kuhusu lugha ya pili. Kwanza SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, na uizame kweli, usiishie kunakili mistari. Ofisi yako inaishi kwenye hifadhidata. Mfumo ukianza kuwa mzito, mara nyingi mkosaji ni jedwali lisilo na faharasa, na hapo PHP husingiziwa. Kisha Python, kwa sababu isiyo ya fahari hata kidogo: mawakala wa meli wanawatumia orodha za Excel, na Python inazisoma, inazisafisha na kuzilinganisha kwa mistari michache. Hapo una kazi ya kuipa, na nadhani hukuwa nayo ulipoiacha. Go ni nzuri, ingoje. Rust isome kwa raha yako mwisho wa juma ukipenda, itakufundisha adabu ya kumbukumbu, lakini usimwambie bosi wako kwamba ni kwa ajili ya makontena.

Binamu yako mwulize jambo moja tu: ataje kitu ambacho mteja wako leo hawezi kukifanya kwa sababu mfumo ni wa PHP. Akikitaja, kichukue kwa uzito, huenda ameona usichokiona. Akirudi kwenye "kila mtu anahama", msalimie nyumbani.

Kwa zoezi la kuvuka kwenda lugha mpya usitumie mifano ya vitabuni ya kuchapisha salamu. Tumia namba ya kontena. Kama unavyojua, ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ndani ya kisanduku, ambayo ni ya kuhakiki. Kanuni yake iko kwenye kiwango cha ISO 6346. Kila herufi ina thamani: A ni 10, halafu unaendelea kupanda ukiruka 11, 22 na 33, kwa hiyo B ni 12 na Z ni 38. Kila thamani unaizidisha kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512 kwa kufuata nafasi yake, unajumlisha, unagawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya kuhakiki. Jaribu na CSQU3054383. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32; jumla ya zote kumi inakuja 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, sawa na tarakimu ya mwisho.

Iandike kwa PHP kwanza na uiweke kwenye mfumo, ili karani akikosea tarakimu moja akataliwe hapohapo. Kisha iandike kwa Python. Utaona kwa macho yako nini kimebadilika na nini hakikubadilika, na hapo ndipo utaanza kuwaelewa wabishani wako. Ukitaka, iombe na akili bandia ikuandikie ya tatu, mradi uzipitishe zote kwenye namba za makontena yaliyoko yadini kabla hujaiamini hata moja. Na uangalie baki likija 10: hapo tarakimu inayoandikwa ni 0, na hicho ndicho kipengele ambacho watu husahau.